Bi Harusi Hapakwi Chokaa

Mama yangu haogopi majini wala maiti. Anaogopa chokaa. Hapa Mombasa, jirani akianza tu kukoroga ndoo ya chokaa apake ukuta wake, Mama hufunga madirisha yote, na joto letu hili, tukabaki ndani tunaiva kama mikate ya mofa. Ukimuuliza kulikoni, anakwambia harufu ile inamkaa kooni, basi. Na Mama akisema basi, ni basi. Ulimi wangu mkali nimeurithi kwake, lakini mbele yake naumeza.

Jambo lake la pili ni mvua. Mvua ikinyesha alasiri, naye amekaa barazani na tasbihi yake, atanyamaza kidogo, asikilize mabati, kisha aseme peke yake, "Leo wametoka." Watoto wangu walidhani bibi yao anasema habari za kumbikumbi. Mimi nilijua anawasema nani, na nilikuwa nikiinuka pale nikijifanya nina chungu jikoni. Sikutaka kukumbushwa.

Asili yetu ni Kudhaa, katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu. Nyuma ya msikiti wa kale, ule uliobaki kuta tupu, palikuwa na kichaka kisichokauka unyevu, na humo aliishi mdudu tuliyemwita bi harusi. Ni konokono, lakini konokono aliyedhulumiwa. Nyumba yake ni gamba dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, limekaa mgongoni tu, na hata umtishe vipi hawezi kuingia ndani. Mwili wote uko nje. Na mwili wenyewe, mashallah! Kijani cha jani changa la mgomba, pindo za rangi ya chungwa bivu, na mstari mwekundu unaopita ubavuni kama mtu kautia kwa wanja. Kiangazi humwoni, amejibana kwenye nyufa za mawe. Mvua ya kwanza ikipiga, wanatoka wote, wanatembea juu ya kuta na makaburi taratibu, kwa madaha, kama hakuna anayewangoja.

Kwa hiyo pale hupiti ovyo. Makaburi yetu yako hapo hapo kando ya kichaka, na mtu akienda kuzuru wakati wa mvua, kabla hajaweka mguu husema, "Hodi, bi harusi." Wakubwa kwa wadogo. Asiyesema akimkanyaga mmoja, tuliambiwa, harusi yake itavunjika. Sisi watoto wa kike tulipiga hodi mpaka sauti zikatukauka.

Na mdudu huyu hapatikani kwingine. Burgao hayupo, Kismayu hayupo, hata visiwa vya jirani tunavyoviona kwa macho hayupo. Baba aliwahi kumchukua mmoja hadi Burgao, ndani ya kopo lenye majani mabichi, awaonyeshe wakwe zake, maana Mama ni mtu wa Burgao. Walipofungua kopo palikuwa na kitu kimenywea kama gamba la samaki. Wakwe wakacheka mpaka wakashika mbavu: "Ndiye bi harusi wenyewe huyu?" Baba hakurudia tena.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Mimi niliwapenda bi harusi kwa mbali. Yeye alilala kifudifudi mbele yao, kidevu juu ya mikono, akawatazama mpaka aitwe kula mara tatu. Alikuwa akiwasemesha. Ukimuuliza wanajibu nini, anakutazama kama mjinga.

Sasa, Shangazi. Dada wa Baba huyu alikuwa fundi wa chokaa wa kisiwa kizima. Alipanga mawe ya matumbawe na magogo katika tanuu, akayachoma, kisha akayamwagia maji yakachemka na kufuka moshi wenyewe kwa wenyewe, mpaka jiwe likawa unga. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwiko, vidole vimepasuka, na aliposhika shavu lako ulihisi msasa. Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani, aliyapaka makaburi yote, ya wenye watu na ya wasio na watu, kwa burushi aliyoiponda mwenyewe kwa kumbi la nazi. Hakulipwa. Alisema wafu nao wana haki ya kukogeshwa wakauingie mwezi wakiwa safi.

Shaabani moja mvua zilikuja mapema, na mdogo wangu alikuwa pale Shangazi alipokuwa akipaka. Burushi ikampitia bi harusi mmoja aliyekuwa juu ya kaburi. Nilikuwepo. Alitoka povu, akajikunja, akajinyoosha, akajikunja tena kama anayetafuta namna ya kuingia ndani ya kile kinyumba chake, na kinyumba hakikumtosha. Mdogo wangu alipiga ukelele nikadhani kaumwa na nyoka. Akakimbia nyumbani, akamshika Mama kanga, akamwambia, "Mama, mimi nikifa msinipake."

"Toba! Nani kakwambia unakufa?" Mama akamkemea, akampiga kofi dogo la mgongoni, la mapenzi.

Surua ilikuja baada ya Idi ya pili. Ilipita nyumba kwa nyumba, kwetu ikamchukua yeye peke yake. Mimi niliugua siku hizo hizo, kitanda kimoja, nikapona. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo.

Shaabani iliyofuata Shangazi alifika makaburini na ndoo yake, na Mama alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama mbele ya kaburi lile dogo, kanga kaikaza kiunoni.

"Hili hupaki," Mama akasema.

"Kaburi lisilo chokaa ni la mtu asiye na wenyewe," Shangazi akasema. "Unataka watu waseme mtoto wa ndugu yangu katupwa?"

"Aliniusia."

"Mtoto wa miaka saba ana wasia? Wewe mke wa kuja, wayajuaje makaburi yetu?"

Hilo la mke wa kuja ndilo lililoua. Mama alimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, Shangazi naye akarudisha, watu wakaja kuwaamua. Kaburi halikupakwa. Lakini tangu siku ile wifi na wifi hawakupeana hata salamu, na kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukipiga chafya kusini, kaskazini wanakwambia yarhamuka Allah. Walipishana kisimani kama vivuli.

Halafu vita. Mwaka wa tisini na moja tuliondoka kama tulivyo, mashua imejaa watu mpaka maji yanachungulia. Shangazi alikataa kuondoka. Tulipokuwa tunasukumwa kutoka pwani, alikuja akasimama mchangani, hakusema neno, mikono yake imelowa chokaa mbichi inamdondoka. Mama aliiona ile mikono. Baba alimpungia dada yake, Mama hakupunga. Alinishika bega, akaninong'oneza, "Hata hatujafika mbali, ashaanza kazi." Miaka yote ya kambini, na miaka yote ya Mombasa, hata baada ya Baba kufariki, Mama aliamini kuwa wifi yake alitoka pale pwani akaenda moja kwa moja kumpaka mtoto wake. Wengine wanaota risasi. Yeye aliota mikono ile.

Mwaka huu, katika Shaabani, lilianza jambo jipya. Mama alikuwa amejilaza baada ya adhuhuri. Mara akainuka kitako, macho yamemtoka.

"Anajikuna," akaniambia.

"Nani, Mama?"

"Mwanangu. Nasikia kucha zake."

Nilimpa maji, nikamsomea kidogo, nikajisemea moyoni, uzee huo. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Akaanza kujikuna yeye mwenyewe mikono mpaka ikawa na michirizi. Nilimpeleka kwa daktari, tukapewa dawa ya kupaka, nyeupe pepepe. Mama akaitazama ile chupa, akanitazama mimi. "Mnipake na mimi?" Akaitupa nje ya dirisha, na pesa zangu nilizonunulia.

"Wifi yangu kampaka mtoto," akasema. "Siku zote nilidhani; mwaka huu kampaka kweli."

"Mama, kisiwani sasa simu zinashika. Mpigie umuulize."

"Nimpigie ajue kuwa inaniuma? Thubutu!"

Ramadhani ikaingia, na kabla haijafika katikati simu ikaja yenyewe. Shangazi kafariki. Alikuwa kitandani tangu mwezi wa Rajabu, kumbe, na sisi hatuna habari. Mama alisema innalillahi, akajifunika kanga usoni, nikadhani analia. Hakuwa analia. "Kafa na jambo langu," akasema. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Nenda kwenye arobaini yake. Usiende kwa ajili ya pilau. Nenda ukamtazame mdogo wako, uje uniambie alipakwa au hakupakwa. Mimi siwezi kufa bila kujua nikifika nitamwambia nini."

Nilikwenda. Ndege ndogo hadi Kismayu, bajaji hadi bandarini, dereva ananigombeza kwa Kisomali kwa ajili ya mzigo mmoja, kisha mashua ya injini. Binamu yangu, mwana wa Shangazi, alinipokea pwani. Ni mvuvi, mtu mzima, na sisi ni watani. "Ungesema umenenepa hivi ningeleta mashua mbili," akaniambia. Nikamuuliza meno yake yamehamia wapi. Tukacheka, kisha tukakumbuka tumekutana kwa nini, akanibebea mzigo.

Makaburini nilikwenda alasiri ile ile, yeye mbele, mimi nyuma. Ardhi ilikuwa kavu, mvua za masika bado. Nikasema hodi kwa mazoea, kisha nikainua macho. Yote yalikuwa meupe. Makubwa, madogo, safu kwa safu, yanaumiza macho kwa jua. Makaburi ya watoto yalikuwa mengi kuliko nilivyoyaacha, na yote sawasawa. La mdogo wangu nilikuwa nikilijua kwa kuwa ndilo pekee la mawe matupu, la kijivu. La kijivu halikuwepo.

"Nani kapaka hapa?" Sauti yangu ilitoka kwa ukali nikashtuka mwenyewe.

"Mimi," akasema, na kwa fahari, maskini. "Shaabani hii mama alikuwa hoi, hawezi hata kusema. Nikaona nisimwaibishe. Nimeyapaka yote, hata lile moja alilokuwa akiliruka."

"Akiliruka?"

"Kila mwaka. Anapaka huku, anapaka kule, lile analiruka. Wakati wa vita, wakati wa njaa, lazima apake, na lazima aliruke. Nikimwambia, mama, lile limesahauliwa, ananijia juu: 'Hilo lina mwenyewe, na mwenyewe kakataza.' Basi. Mimi nikadhani ni mambo ya uzee."

Nilikaa chini, juu ya mchanga wa makaburini, na buibui langu jipya. Nikaona ile mikono pwani, inadondoka chokaa. Alikuwa ametoka kuyapaka makaburi yetu siku tunayokimbia, yote isipokuwa moja, na hakuweza kumwambia Mama kwa sababu hawasemezani. Zaidi ya miaka thelathini! Nilitaka kulia kwa ajili ya Shangazi, lakini neno moja la binamu yangu likanirudia. Shaabani. Kaburi lilipopakwa hapa, huku kisiwani, Mama alikuwa Mombasa anakurupuka usingizini na kuniambia anasikia kucha.

"Lipi?" nikamuuliza.

Hakuwa na hakika. Moja katika matatu yaliyo karibu na kichaka, akasema. Nikapitisha kiganja juu ya la kwanza: laini. La pili: laini. La tatu lilikuwa na vijipele. Vidogo, vingi, vigumu, chini ya chokaa, kwenye kila ufa. Nikakwangua kimoja kwa ukucha, kikadondoka mkononi mwangu kijigamba cha rangi ya asali, kikavu, mfano wa ukucha wa mtoto. Walikuwa wamelala kiangazi humo ndani ya nyufa, na chokaa ikawafunika wakiwa wamelala.

Binamu yangu aliuona uso wangu. "Nimefanya nini?" akauliza, na sasa hakuwa na utani.

Nikamweleza, tangu kelele za mdogo wangu mpaka chupa ya dawa. Alikwenda nyumbani akarudi na vijiko viwili na kisu cha kuparia samaki, tukapiga magoti, tukakwangua mpaka jua likaanza kuzama. Sauti ya kukwangua ile, wallahi, ilikuwa sauti ya kucha. Vumbi lilinikaa mikononi nikaanza kuwashwa, nikajikuna huku nakwangua, na sikuthubutu kumtazama binamu yangu nione kama naye anajikuna. Tulipomaliza, jiwe lilikuwa la kijivu tena. Magamba tuliyafukia pembeni. Hapakuwa na hata mmoja aliye hai, na ule ukuta wa msikiti wa kale wenyewe umebaki kiunoni, watu wamechukua mawe.

Sikumpigia Mama. Ningempigia nimwambie nini? Kwamba wifi yake alikuwa mwaminifu, na kwamba mtoto wake kapakwa, yote mawili kwa pumzi moja?

Siku ya arobaini mvua ilitangulia watu. Ilipiga baada ya sala ya alfajiri, ya kwanza ya masika, nzito, kisha ikakata. Nilikwenda makaburini peke yangu kumsomea Shangazi kabla ya hitima. Kaburi lake lilikuwa bado udongo, limezungushiwa mawe mabichi yasiyopakwa. Nikasema hodi. Nilipoinama kuweka asumini nikawaona.

Walikuwa juu ya mawe yale, wanne, watano, kisha kila nilipotazama nikaona mwingine. Kijani, chungwa, mstari mwekundu. Wanatembea juu ya fundi wa chokaa taratibu, kwa madaha. Nilikaa pale nikalia kilio ambacho nadhani kilikuwa cha tangu utoto.

Nikasikia viatu. Binamu yangu alikuwa anakuja na ndoo ya chokaa, imekorogwa, nzito, na burushi ile ile ya mama yake.

"Ngoja," nikamwambia. "Haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Kule ukutani. Katika yaliyobaki." Akawaona. Akashusha ndoo, lakini burushi hakuiachia. "Usiniambie hivyo," akasema. "Leo ni arobaini ya mama yangu. Kapaka kisiwa kizima maisha yake yote. Leo watu wanakuja, wamkute mtupu? Watasema katupwa na mwanawe."

"Tungoje Shaabani nyingine."

"Na Shaabani watakuwa wamelala humo humo ndani. Unajua."

Alikuwa na haki. Nikafanya jambo nililokuwa nikiliogopa: nikatoa simu, nikampigia Mama, nikaweka sauti ya nje.

"Umemwona?" Hakutoa hata salamu.

"Nimemwona, Mama. Shangazi hakumpaka. Hata mwaka mmoja. Alikuwa akimruka, anasema kaburi lile lina mwenyewe."

Nilisikia tasbihi ikigonga kiti.

"Na mwaka huu?" akauliza. Mama haachi kitu. "Mwaka huu si alikuwa mgonjwa?"

"Mwaka huu kapaka mwanawe. Hakujua. Juzi tumemkwangua."

"Juzi," akasema. "Alasiri?"

"Alasiri."

"Basi ndiyo maana," akasema taratibu. "Tangu juzi amenyamaza."

Binamu yangu alifunga macho. Nikamweleza Mama kilichobaki, mawe ya ukutani, mvua, bi harusi juu ya kaburi la wifi yake, na ndoo iliyosimama hapa. Nikasikia anavuta pumzi.

"Nipe huyo mwanangu."

"Shikamoo, mkaza mjomba," binamu akasema.

"Marahaba, baba. Pole kwa mama. Nisamehe sikukupa pole mapema, nilikuwa na hasira naye." Akakohoa. "Mama yako aliniachia wangu. Na mimi niachie wangu huyu. Usimpake wifi yangu."

"Watu watasema hana wenyewe, mkaza mjomba."

"Watasema. Wewe waambie hilo lina mwenyewe, na mwenyewe kakataza. Yuko Mombasa, anaitwa mke wa kuja."

Watu wa hitima walikuwa wameanza kufika, nawasikia nyuma ya ukuta wanapiga hodi mmoja mmoja. Binamu yangu aliichukua ndoo, akaibeba mpaka nje ya makaburi, mbali, akaimwaga mchangani. Aliporudi alivua viatu, akapiga magoti kichwani mwa mama yake, akasogeza uso karibu na jiwe, yeye mtu mzima mwenye ndevu.

"Hodi, bi harusi," akasema.